Pweza wa Msimbati kwenye sahani ya Kiitaliano

Mtwara. Anayeagiza pweza katika mgahawa wa kisasa mjini Naples huletewa sahani yenye nyanya, zeituni na mafuta yake. Akipanda kaskazini hadi Genoa, pweza huchanganywa na viazi vya kuchemsha. Kila mkoa wa Italia una upishi wake, na wenyeji hubishana kweli kweli. Asichoelezwa mteja mara nyingi ni pweza huyo katoka bahari ipi, ingawa Italia ni miongoni mwa nchi zinazonunua pweza wa Tanzania.

Msimbati ipo kama kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Siku za bamvua maji yakipwa, akina mama hupandisha khanga magotini, wakatembea juu ya miamba wakichokoa mashimo kwa vijiti. Hawahitaji mtumbwi wala injini. Pweza akitoka hupigwapigwa mpaka alegee. Anayesafirishwa nje hulainishwa na barafu.

Jikoni, Naples na Msimbati hawana ugomvi: pweza huiva kwa maji yake mwenyewe. Ila Msimbati huongeza tui la nazi, akaliwa kwa ugali wa muhogo, na hapo Waitaliano wameachwa mbali.

Wanaume hukimbilia supu yake kwa sababu wanazozijua wenyewe. Wenye haja nayo zaidi ni wajawazito na watoto, kwa kuwa nyama ya pweza ina protini, madini ya chuma na vitamini B12, vitu ambavyo ugali wa muhogo hauwezi kuvitoa vya kutosha. Lakini mnunuzi yupo ufukweni na mizani, na daftari za shule hazinunuliwi kwa mchuzi. Nani atamlaumu mama akiuza?

Pweza huishi takriban mwaka mmoja. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Ndiyo maana kanuni za uvuvi zinakataza biashara ya pweza wa chini ya gramu 500, ambaye huenda hajawahi kutaga. Mnunuzi makini humkataa. Huyo mdogo, aliyekataliwa na mizani, ndiye huishia kwenye chungu cha nyumbani.