Leipzig, Mji Unaotunza Mwandiko wa Bach

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Ujerumani, usiishie katika miji inayosifiwa na kila mtu. Panda treni uende Leipzig, ukaone jinsi watu wanavyotunza noti za nyimbo za kanisa. Labda utasema, "Noti ni karatasi tu, kuna nini cha kutazama?" Subiri kidogo, twende pamoja.

Katikati ya mji lipo kanisa la Mtakatifu Thomas, la ndugu zetu Walutheri. Nje yake imesimama sanamu ya shaba ya Johann Sebastian Bach, iliyowekwa mwaka 1908. Ndani, karibu na altare, utaona kaburi lake limefunikwa kwa bamba la shaba. Bwana huyu alikuwa mwalimu wa kwaya mjini hapa tangu mwaka 1723 hata alipokufa mwaka 1750. Kwaya ya wavulana aliyoifundisha ilianza mwaka 1212, na hata leo yaimba kanisani humo siku za Ijumaa na Jumamosi. Ukifika siku hizo, usikose kuisikia.

Miaka ile ya kwanza Bach alitunga wimbo mpya karibu kila Jumapili. Alipomaliza kutunga, kazi ilikuwa bado: kila mwimbaji na kila mpiga chombo alihitaji karatasi yake, na zote zilinakiliwa kwa mkono. Wanafunzi walinakili, wanawe walinakili, na mkewe, Anna Magdalena, alinakili pia. Mwandiko wa mama huyu ulifanana mno na wa mumewe, hata wataalamu wa baadaye wakatatizika kujua upi ni wa nani.

Sasa vuka kiwanja cha kanisa uingie nyumba ya Bose. Humo mna hifadhi ya kazi za Bach, iliyoanzishwa mwaka 1950. Yanatunzwa humo makaratasi ya waimbaji na wapigaji ya nyimbo 44, ambayo mjane alikabidhi baada ya mumewe kufa. Makaratasi mengine waligawana watoto. Mengine yakatunzwa, mengine yakauzwa, na mengine hayajulikani yalikokwenda. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Na yule mjane alifariki mwaka 1760, akiishi kwa sadaka za watu.

Mwaka 1850, yaani miaka 100 baada ya kifo chake, ikaundwa Leipzig jumuiya ya kupiga chapa kazi zake zote. Haba na haba hujaza kibaba: hata kufika mwaka 1899 walikuwa wametoa vitabu 46. Lakini elimu haisimami. Mwaka 1954 lilianza kutoka toleo jipya, lililohaririwa Leipzig na Göttingen. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imegawanyika, Leipzig upande wa mashariki na Göttingen upande wa magharibi. Hata hivyo kazi iliendelea pande zote mbili, ikamalizika mwaka 2007, ikiwa na vitabu vya noti zaidi ya 100.

Je, wanafanyaje kazi hiyo? Kwanza huinua karatasi kwenye mwanga, waione alama ya kiwanda iliyofichwa ndani yake. Kwa alama hiyo hupata kujua karatasi ni ya miaka gani. Pili, hupima mwandiko: huyu huchora mkia wa noti hivi, yule vile. Tatu, hulinganisha nakala zote, kama sisi makarani wa parokia tunavyolinganisha cheti na kitabu cha ubatizo. Mwishoni huandika kitabu kingine cha maelezo, wakieleza waliona nini na kwa nini wameamua hivi. Anayetaka kuwapinga anayo njia.

Sasa twende Berlin, mwendo wa saa moja na kidogo kwa treni. Katika maktaba kuu ya huko mna hazina inayotuhusu sana sisi Wakatoliki: Misa ya Kilatini aliyoandika Bach kwa mkono wake, tangu Kyrie hata Agnus Dei. Sehemu ya Kyrie na Gloria alimtolea mwaka 1733 mtawala wa Dresden, aliyekuwa Mkatoliki. Misa nzima aliikamilisha katika miaka yake ya mwisho, macho yakiwa yanafifia.

Baada ya kufa kwake Misa ilimwangukia mwanawe, Carl Philipp Emanuel. Mwaka 1786 alitaka Credo iimbwe Hamburg. Basi akachukua kalamu, akaandika juu ya maandishi ya baba yake mwenyewe: hapa akasahihisha, pale akabadili. Hakuwa na nia mbaya. Lakini tangu hapo, anayesoma ukurasa ule hajui kama anamsikia baba au mwana. Tena wino wa siku zile, uliotengenezwa kwa madini ya chuma, unakula karatasi polepole.

Kitabu cha Misa hii katika toleo lile jipya kilitoka mapema, kikahaririwa na Friedrich Smend. Wataalamu wenzake walikikosoa sana, ikabidi kazi irudiwe. Safari hii walitumia mionzi ya eksirei kupima wino wenyewe, kwa kuwa wino wa baba na wa mwana haukuwa na madini sawasawa. Tena walitazama nakala zilizotolewa kabla mwana hajagusa ukurasa. Ndivyo walivyoweza kupambanua mikono ile miwili mahali pengi, na mwaka 2010 kikatoka kitabu kipya, kilichohaririwa na Uwe Wolf.

Utauliza, msomaji, taabu yote hiyo ni ya nini kwa ajili ya noti chache? Ni kwa ajili ya haki. Marehemu hawezi kusimama kanisani akasema, "Hapo sikuandika hivyo." Aliye hai ndiye anayemtetea.

Nasi katika parokia zetu tunao watunzi, wengine wazee, wengine wametangulia mbele ya haki. Daftari zao zimo makabatini na majumbani mwa wajane wao. Ndugu walimu wa kwaya, mkinakili wimbo andikeni jina la mtunzi na mwaka. Mkipenda kuongeza sauti au kubadili neno, fanyeni katika karatasi nyingine, na jina la aliyebadili liandikwe. Daftari la mtunzi mwenyewe lisiguswe kwa kalamu. Liwekwe pakavu, mbali na mchwa, na mmoja wenu akabidhiwe kulitunza.