Mnyama Asiyekuwapo: Njia Moja ya Kufundisha Viumbe na Mazingira Yao

Somo la viumbe na mazingira yao aghalabu hufundishwa kwa orodha. Ngamia ana nundu, bata ana utando kati ya vidole, samaki ana mapezi. Mtoto huyakariri hayo kama akaririvyo jedwali la saba, na siku ya mtihani huyarudisha kama yalivyo. Sisemi kwamba kukariri ni dhambi. Lakini jibu lililokwisha kuandikwa kitabuni halimpi mtoto nafasi ya kujiuliza kwa nini liwe hilo na si jingine. Kwa sababu hiyo, nikifika kwenye mada hii katika darasa la sita, huwaletea wanafunzi mnyama ambaye hayumo katika kitabu chochote walicho nacho: mnyama wa sayari ya Mshtarii.

Mnyama huyu hakubuniwa nami. Mwaka 1976 wanasayansi wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Carl Sagan na Edwin Salpeter, walichapisha makala wakijiuliza: kama pangekuwapo viumbe katika hewa ya Mshtarii, wangeishije? Hawakudai kwamba viumbe hao wapo. Walianza na yaliyojulikana kuhusu sayari ile, kisha wakayafuata mpaka yalikowafikisha.

Nami huugawa ubao sehemu mbili. Kushoto huandika yaliyopimwa. Mshtarii haina ardhi ya kukanyaga. Ni hewa juu ya hewa, na kadiri ushukavyo ndivyo joto na mgandamizo vizidivyo. Hewa hiyo karibu yote ni hidrojeni na heli. Uvutano wake ni karibu mara mbili na nusu ya ule wa dunia yetu. Siku yake haifiki saa 10. Umbali wake toka kwenye jua ni mara 5.2 ya umbali wetu, kwa hiyo mwanga uifikiao ni sehemu moja tu kati ya 27 ya ule tuupatao sisi. Hesabu hiyo ya 5.2 mara 5.2 huifanya darasa lenyewe. Upande wa kulia huachwa mtupu. Hapo ndipo mnyama atakapojengwa, na sheria ni moja: hakuna aruhusiwaye kulifuta neno la upande wa kulia, hata mwalimu, pasipo kuonyesha kidole jambo la upande wa kushoto linalolipinga.

Kisha nauliza: mnyama huyu atasimama wapi? Darasa hunyamaza. Mmoja husema ataruka. Mwingine humjibu kwamba atachoka, maana hana pa kutua. Hatimaye hupatikana wazo la puto. Lakini puto lijazwe nini? Kwetu hidrojeni hupaa kwa kuwa hewa yetu ni nzito kuliko yenyewe; kule hewa ndiyo hiyo hiyo hidrojeni. Mwaka mmoja msichana wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimepata kusikia sauti yake tangu muhula uanze, alisema: "Mwalimu, aipashe moto. Moshi wa jikoni si hupanda?" Sagan na Salpeter walitaja njia mbili: kiumbe aisukume heli nje abaki na hidrojeni tupu, au atumie nguvu ya chakula chake kuitia joto hewa iliyomo ndani. Msichana yule aliifikia mojawapo kwa kutazama mafiga.

Ukubwa wa mnyama nao hutaka zana, na zana yenyewe ni udongo wa mfinyanzi. Finyangeni mche wenye pande za sentimeta 1: eneo la nje ni 6, ujazo ni 1. Wa sentimeta 2: eneo 24, ujazo 8. Wa sentimeta 10: eneo 600, ujazo 1,000. Ngozi hulemea kwa eneo, hewa ya ndani huinua kwa ujazo. Basi ikiwa unene wa ngozi haubadiliki, puto kubwa huelea kwa wepesi kuliko dogo. Ndiyo maana wataalamu wale waliwaza viumbe wenye upana wa kilometa. Waliwaza pia viumbe wadogo wasioelea, ambao huzama polepole kuelekea kwenye joto la chini, na ambao hapana budi wazae kabla hawajaungua, ili mikondo ya hewa iwapandishe baadhi ya watoto wao. Hapa wanafunzi huona kwamba hata umri wa kuzaa huamuliwa na mazingira.

Mwalimu mwenzangu mmoja alipata kuniuliza, kwa upole lakini kwa kukaza, kama ni halali kuwafundisha watoto jambo lisilokuwapo. Swali lake ni la haki, na jibu langu ni ule mstari wa katikati ya ubao. Tarehe 7 Desemba 1995 chombo kilichoachiliwa na Galileo, chombo cha anga cha Marekani, kilizama katika hewa ya Mshtarii na kuleta habari kwa karibu saa moja kabla ya kunyamaza. Kilionyesha kwamba takriban robo ya uzito wa hewa ile ni heli. Hakikutumwa kutafuta wanyama, na mpaka leo haijaonekana dalili ya kiumbe hata mmoja kule. Hayo yote huyaandika kushoto, kwa herufi kubwa, na kila mtoto huyanakili kabla ya kengele.

Mwanachuo atakayeijaribu njia hii aweke akiba ya vipindi viwili, kwani swali la watoto wa mnyama halimaliziki katika kimoja. Kama puto dogo haliinuki vizuri, mtoto mchanga ataeleaje? Mwanafunzi mmoja alijibu kwamba atang'ang'ania tumboni mwa mama, kama mtoto wa popo. Jirani yake akachukua chaki, akaenda kwenye ule uvutano wa mara mbili na nusu, akauliza mama huyo ataweza kubeba wangapi. Darasa zima likaanza kupiga hesabu.