Fimbo ya Snuka kwa Mwenye Fedha Chache

Mchezo wa snuka ulianza mwaka 1875 katika mji wa Jabalpur, Bara Hindi, miongoni mwa maofisa wa jeshi la Waingereza, na hata leo wengi hudhani kuwa ni mchezo wa matajiri. Ni kweli, meza yake ni ghali, urefu wake futi 12 na upana futi 6, wala hatumjui mwalimu aliyeiweka nyumbani kwake. Walakini meza ni mali ya chama. Kitu cha mchezaji mwenyewe ni fimbo tu. Basi sisi tuishio kwa mshahara wa mwezi, tukitaka fimbo, hatuna budi kujiuliza: tulipie nini, na tuache nini?

Fimbo za chama hushikwa na kila mtu. Leo utapata nyepesi, kesho nzito. Ya hii ncha imelika, ya ile imeng'oka. Mkono haujifunzi vema kwa mwalimu abadilikaye kila siku. Kwa hiyo fimbo ya bei ndogo iliyo yako yafaa kuliko nzuri ya kuazima.

Kwanza tutazame unyofu. Inue fimbo machoni kama mtu alengaye bunduki, uizungushe polepole. Ikiwa imepinda utaona. Usitegemee kuiviringisha mezani tu, maana fimbo ni nene huku na nyembamba kule, nayo huweza kudanganya. Kisha gonga kitako chake chini taratibu, usikilize; ikilia kama kitu kilicholegea, iache.

Pili, mti wake. Fimbo nyingi hufanywa kwa ashi au mepo, miti ya nchi za baridi. Ashi huonyesha mistari ya nyuzi zake, na mepo ni laini machoni. Yote miwili yafaa. Chagua ile ambayo nyuzi zake zimenyoka.

Tatu, kipimo. Fimbo ya kawaida ina urefu wa sentimita 145 hivi, na uzito wa gramu 480 hata 540. Ncha ya ngozi iwe na upana wa milimita 9 hata 10. Wengine huuziwa fimbo ya puli ya Kimarekani, ambayo ncha yake hukaribia milimita 13. Hiyo haifai kwa mipira midogo ya snuka.

Nne, kiungo. Fimbo ya kipande kimoja haina kiungo cha kulegea, lakini asafiriye kwa basi ataona taabu kuibeba. Akichukua ya vipande viwili, aikaze, kisha ahakikishe kwamba haitikisiki.

Mapambo ndiyo ya kuacha. Kitako cha abunusi, nakshi za rangi na jina la bingwa huongeza bei, wala haviingizi mpira mfukoni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fedha iliyosalia inunue ncha njema, chaki na mfuko wa kuhifadhia, maana fimbo iliyoegemezwa ukutani au kuachwa juani hupinda, hata ikiwa ya thamani.

Stephen Hendry wa Scotland alitwaa ubingwa wa dunia mara saba, kati ya mwaka 1990 na 1999, kwa fimbo ya bei ndogo aliyokuwa nayo tangu ujana wake. Haikuwa nakshi iliyomshindia, bali miaka mingi ya kuizoea.

Tena twasema neno moja kwa wenzetu wenye jamaa. Fedha ya fimbo na itoke katika akiba, isitoke katika ada ya mtoto wala katika unga wa nyumbani. Weka kidogo kila mwezi, na huku ukicheza kwa fimbo ya chama ujifunze uzito upi unaupenda. Siku ya kununua utakuwa na fedha mkononi na maarifa kichwani, wala muuzaji hatakuchagulia.