Watu wa Waya

Waya ya kwanza niliyoizoea haikutoka dukani. Ilitoka ndani ya transfoma zilizoungua, kwenye sanduku la mabaki la mjomba wangu aliyekuwa fundi wa redio Machakos. Ukishachomoa vibati vya transfoma unakuta waya nyembamba ya shaba, inang'aa kwa vanishi, imezungushwa mara elfu. Tuliifungua kwa subira ambayo hakuna mzazi aliyewahi kuiona tukitumwa kazi ya nyumbani. Wenzangu walikuwa watu wa magari: fremu ya waya ya kufungia nondo, magurudumu ya soli za kandambili, usukani mrefu wa kusukumia barabarani. Mimi nilitaka dereva. Dereva sharti aketi, na aketi akiwa ameshika usukani. Hivyo ndivyo nilivyoanza kutengeneza watu wenye magoti na viwiko.

Mwanzoni walitembea uchi. Nguo zao za kwanza zilikuwa vipande vya waya za simu, zile zenye plastiki ya rangi ambazo kila mtoto wa rika langu alisukia bangili. Baadaye mkufu wa dada yangu ukakatika, na shanga ambazo hakuziokota upesi zikawa zangu. Ushanga ukabadilisha kazi nzima. Waya tupu ikikunjwa inaonyesha kona tu, lakini waya iliyovikwa ushanga inapata paja, inapata bega, na ukiinamisha kichwa cha mtu wako kidogo tu anaonekana ana jambo moyoni.

Utengenezaji wenyewe hauna siri. Unakata waya, unaikunja katikati, unapitisha ushanga mkubwa hadi kwenye kunjo. Hicho ni kichwa. Ncha mbili zinashuka pamoja shingoni, halafu zinaachana begani. Kila ncha inatunga mkono wake, inauzunguka ushanga wa mwisho, ambao ndio kiganja, kisha inarudi kwa matundu yale yale hadi ilikotoka. Kifuani ncha hupishana ndani ya kila safu, moja ikiingia kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, mpaka kiunoni zinapoachana tena kuwa miguu. Kazi yote iko katika kujua pa kulegeza. Kwenye kiwiko na kwenye goti lazima uache nafasi ya kama nusu ushanga. Ukizibana shanga, kiungo hakikunjiki, na anayelazimisha anapasua kioo.

Jambo hilo sikuwahi kusikia likielezwa vizuri kuliko siku moja ya Jumamosi katika Soko la Maasai, Nairobi, tulipokuwa tukitandaza bidhaa zetu kwenye maegesho ya magari ya mahakama. Jirani yangu wa mkeka alikuwa mama wa Kimaasai kutoka Ngong. Kijana mmoja alipita akituuzia kwa jumla vijimorani vya ushanga, vimenyooka, kila kimoja na mkuki wake. Mama akakichukua kimoja, akakisukuma mguu kwa kidole gumba.

"Mwanangu, huyu umembana. Goti litapita wapi?"

"Mama, huyu ni wa kusimama tu kwenye kabati."

"Basi huyu si mtu. Ni mwiko."

Tulicheka, ila yule kijana aliuza wote kabla ya saa tisa.

Mama yule alikuwa na haki ya kusema. Zile kola pana za bapa ambazo wanawake wa Kimaasai huvaa shingoni ni ushanga uliotungwa kwenye waya, duara ndani ya duara, na kati yake vipande vya kushikilia safu, zamani vya ngozi, siku hizi mara nyingi vya plastiki iliyokatwa. Waya na ushanga vilifika bara mgongoni mwa wapagazi wale wale. Karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa ilibeba kitambaa cha merikani, waya nene zilizoitwa masango, na shanga, na ushanga ulihesabiwa kwa kete, kete kumi zikawa fundo. Wenyeji hawakupokea kila walichopewa. Samesame nyekundu ilipita mahali na kukataliwa pengine, na aliyebeba rangi isiyotakiwa alikwama na mzigo wake. Mwaka 1883 Joseph Thomson, akielekea nchi ya Wamaasai, ilimbidi asimame Taveta shanga zake zitungwe upya kwa urefu ambao Wamaasai waliukubali. Nikisikia mtu akisema kwamba soko la leo ndilo lililotufundisha kumtii mteja, huikumbuka Taveta.

Hata hivyo, mteja wetu alitubadilisha kweli. Mtalii hanunui kitu cha kuchezea. Ananunua kitu kitakachofika kwao salama ndani ya begi na kusimama kwenye rafu. Kisha ikaja mitindo ya kusini. Kwenye taa za barabarani za Johannesburg na Cape Town, mafundi, wengi wao Wazimbabwe, huuza wanyama wa waya na ushanga: fremu nene, na juu yake waya nyembamba yenye shanga inazungushwa mpaka ngozi yote inafunikwa. Mtu alituletea mjusi mmoja wa namna hiyo, na haikuchukua muda soko letu likajaa twiga na vifaru. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini fremu ilikuwa ya waya ya seng'eng'e, na twiga huyo humgeuzi shingo hata ukitumia koleo.

Ushanga nao ulisukuma upande huo huo. Ule wa Ucheki, unaotoka maeneo ya Jablonec, hununuliwa kwa namba, na namba ikipanda ushanga unapungua: namba 8 ni kama milimita 3, namba 11 kama milimita 2. Tundu lake linaaminika, waya inapita mara mbili bila ugomvi. Ulipozidi kupanda bei tukahamia ule wa bei rahisi kutoka China, ambao katika gao moja unakuta matundu mapana, membamba na mengine yaliyoziba kabisa. Ncha haiwezi kurudi kwa njia iliyopitia. Ukilazimika kupitisha waya mara moja tu unatafuta waya nene, na waya nene ndiyo hiyo isiyopiga magoti. Kwa miaka mingi nilitengeneza watu wa kusimama, na walinilisha.

Machi 2020 Kenya ilifunga safari za ndege za kimataifa, na zilipofunguliwa tena Agosti watalii hawakurudi kwa siku moja. Nilikuwa na makatoni ya morani nyumbani. Mpwa wangu, shule zikiwa zimefungwa, alinikuta nikiwapanga akaniuliza kama naweza kumtengenezea mmoja anayetembea. Anampiga picha kwa simu, anamsogeza mguu kidogo, anapiga nyingine; picha 12 kwa sekunde moja, na mtu anavuka meza. Nikarudi kwenye shaba. Safari hii ni ya koili za mota, waya mbili zilizosokotwa pamoja, zikapashwa moto kwenye makaa ili zilainike, maana shaba kila inapokunjwa inazidi kuwa ngumu na mwisho inakatika. Goti la mwigizaji mkuu halimalizi hata tukio moja la mbio. Sasa miguu naitengeneza peke yake, naifunga kiunoni kwa kitanzi, ukikatika mmoja unavikwa mwingine.

Wanafunzi wenzake wameziona video hizo na wameanza kuagiza. Hawataki morani, wanataka wachezaji wa mpira, makondakta wa matatu waliokunja mkono mlangoni, na mwalimu mmoja ambaye nimekatazwa kumtaja. Wiki hii mpwa wangu ameagiza timu nzima, na kipa awe na mikono miwili ya akiba. Malipo, anasema, ni baada ya video kutoka. Nimemwambia alete kwanza pesa ya ushanga wa Ucheki.