Balozi akiwa na miaka 22

Wadau, nina miaka 22, nipo zangu Kisiba, Tukuyu. Juzi kikaoni nilijua mizani ya mazao inawapunja wazee, nikanyamaza, maana mkubwa fulani kaniahidi kazi.

Usiku nikamkumbuka Salim Ahmed Salim. Umri huu huu, 1964, alikuwa balozi wetu Misri! 1969 akapelekwa China. 1971, akiwa Umoja wa Mataifa, akaipigania China ipewe kiti chake, Marekani haitaki. 1981 akawania Ukatibu Mkuu. Marekani ikampiga kura ya turufu, China ikamkingia kifua.

Cheo alikikosa, heshima anayo mpaka leo. Mimi nimenyamaza, na kazi yenyewe sijapewa.

Wewe ungesema, au ungeufyata kama mimi?