Daftari la Chama Lilipohamia Simuni



Ndugu zetu wasomaji, sisi ni akina mama 28 wa Matisi, kando ya mji wa Kitale. Baadhi yetu ni wenyeji wa huku. Wengine tumeletwa kutoka pwani na ndoa na biashara, ndiyo maana jarida hili hutufikia kila juma. Tuna chama chetu. Kila Jumamosi twachanga shilingi 200, na mwenye haja hukopeshwa bila riba. Kwa miaka mingi hesabu yote ilikaa katika daftari moja lenye jalada gumu. Mwaka jana tulianza kuihamishia katika programu ya simu iliyoundwa na mabinti zetu wenyewe, na dada zetu wa Mombasa wametuomba tueleze jinsi tulivyoanza.

Kuandika deni ni jambo tuliloamrishwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, yahusu jambo hilo. Daftari letu lilitimiza wajibu huo, lakini lilikuwa na aibu moja: aliyelifungua kutazama deni lake aliyaona na ya wenziwe. Mama mmoja alikaa muhula mzima bila kukopa karo ya mwanawe, kwa kuchelea wifi yake asilisome jina lake. Mwenzetu mwingine alihamia Bungoma. Akawa anatuma mchango wake kwa M-Pesa, wala hana njia ya kuona kama umeandikwa ila kwa kumpigia simu mweka hazina.

Mabinti wawili waliosomea kompyuta chuoni ndio waliotuongoza. La kwanza walilotufunza ni kwamba programu ni mfano wa nyumba ya pwani: ina baraza, na ina ndani. Barazani ndipo mgeni anapoketi. Hizo ndizo kurasa unazoziona na kuzibonyeza simuni. Ndani mna ghala na karani wake. Ghala ni hifadhidata, na karani ni seva, kompyuta iliyoko mbali isiyolala, inayopokea maombi na kuyajibu. Mgeni hafiki ghalani kwa miguu yake, humwagiza karani.

Kisha likaja suala la simu zenyewe. Wengi wetu tuna simu za Android, na wawili wana iPhone walizoletewa na watoto wao walioko Ughaibuni. Zamani ilipasa kuandika programu mara mbili, kila simu na lugha yake. Siku hizi kuna zana zinazokuwezesha kuandika mara moja, ukapata programu ya simu zote mbili. Mabinti walipima mbili. React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka 2015, hutumia lugha ya JavaScript. Flutter ya Google, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2018, hutumia lugha ya Dart. Wakachagua Flutter. Tuwaambie mapema, gharama hazilingani: kuweka programu katika duka la Google hulipiwa dola 25 mara moja tu, na duka la Apple ni dola 99 kila mwaka, tena programu ya iPhone haikamilishwi bila kompyuta ya Apple. Kwa hiyo tulianza na Android. Wenye iPhone waliridhika kusubiri, na wenye simu za kabambe hupata taarifa zao kwa ujumbe mfupi, ambao karani huyohuyo ndiye anayeutuma.

Kompyuta waliyotumia ilikuwa ya mtumba. Kuwasha simu ya bandia ndani yake kuliilemea, basi wakaunganisha simu halisi kwa waya na kuijaribia humo. Akina dada msizuiwe na uhaba wa vifaa. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na simu moja ya kawaida yatosha kwa kuanzia.

Kazi iliyotuketisha muda mrefu zaidi ilikuwa ya ndani ya nyumba. Mambo matatu yalihitaji shauri letu sote.

La kwanza ni mtandao. Mvua ikinyesha Matisi, mara nyingi umeme na mtandao huondoka pamoja. Programu hulazimika kuhifadhi mchango simuni, kisha kuupeleka mtandao unaporudi. Lakini ikiupeleka, jibu likapotea njiani, itaupeleka tena, na shilingi 200 zitasomeka 400. Dawa yake ni kuupa kila mchango nambari yake tangu unapoandikwa. Karani akiiona nambari aliyokwisha kuipokea, hujibu kwamba anayo, wala haongezi kitu.

La pili ni kufuta. Tulikubaliana kwamba hakuna anayefuta, hata mweka hazina. Palipokosewa huongezwa mstari wa kusahihisha, wenye tarehe na jina la aliyeuandika. Hivyo ndivyo wazee wetu wa maduka walivyotunza vitabu vyao.

La tatu ndilo zito. Ndugu mmoja, mume wa mwenzetu, aliomba kwa heshima apewe ufunguo wa kutazama akiba ya mkewe, kwa kuwa yeye ndiye kichwa cha nyumba. Tulilijadili vikao viwili. Wapo waliosema tumkubalie ili kulinda amani. Mwishowe tukakumbushana kwamba mali ya mwanamke katika dini yetu ni yake. Akipenda kumwonyesha mumewe, simu anayo mkononi. Tukamjibu ndugu yetu kwa upole, naye akapokea.

Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini mabinti walisisitiza habari ya karani. Kukificha kitufe barazani hakulindi kitu, maana mjuzi aweza kumwita karani bila kupitia barazani. Karani mwenyewe ndiye apasaye kuuliza kila mara: wewe ni nani, na hiki unachokitaka ni chako? Asiporidhika, hatoi. Sheria ya nchi nayo, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, yamtaka anayehifadhi habari za watu azilinde. Kwetu hilo lina jina la kale zaidi: amana.

Fedha zenyewe bado hupita M-Pesa kama zamani. Programu huandika tu. Safaricom ina mlango wa waundaji uitwao Daraja, ambao kwao malipo yangejiandika yenyewe, lakini tumeuahirisha mpaka mabinti wazoee. Daftari nalo twaendelea kuliandika sambamba mwaka huu wote, likiwa sasa limefungiwa kabatini kwa mweka hazina, na kila mwisho wa mwezi twalinganisha. Yule mama wa karo alikopa muhula huu, na wengi wetu hatujui ni kiasi gani.

Enyi akina mama mlio na mabinti wanaoshinda simuni, waulizeni kama wangependa kujua karani wake hufanya kazi vipi. Anzeni na jambo dogo mnalolijua nyinyi wenyewe: mchango wa madrasa, zamu za kupika msibani, orodha ya mayatima wa mtaa. Kabla ya kugusa kompyuta, andikeni karatasini nani aruhusiwe kuona nini. Hilo binti hawezi kuwaamulia.

Wabillahi tawfiq.