Kuuliza, kisha kungoja

Walikuwa wamemaliza kula pale binti alipolitoa la moyoni. Anataka kuigiza, na akikua awe mtangazaji wa vipindi vya watoto vya televisheni.

Baba, muuza viungo Darajani, aliweka kikombe chini. "Nimekusomesha mpaka Kidato cha Tatu uje uchekeshe watu?"

Nyumba ile ya Mkunazini ilinyamaza siku tatu.

Bibi ndiye aliyevunja kimya. Alimkumbusha mwanawe kwamba Unguja haikuanza leo mambo haya. Televisheni Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwaka 1973, na Bara wakasubiri hadi 1994 kupata kituo chao cha kwanza. "Wewe umekulia kwenye mkeka wa jirani, unatazama TVZ. Waliokuchekesha na kukufunza walikuwa wahuni?"

Baba hakujibu. Bibi akaendelea. "Na huyu mwanao nani alimfunza kuhesabu?"

Wakati huo walikuwa wakiishi shamba, Kusini Unguja, na skuli ya maandalizi ilikuwa mbali. Binti alisoma kituo cha TUTU, yaani Tucheze Tujifunze, masomo ya redio yaliyoanza Zanzibar miaka ya 2000. Baba mwenyewe alimpakia baiskeli kila asubuhi. Sauti ya redioni iliimba, ikauliza swali, kisha ikanyamaza ili watoto wajibu. Mwenye sauti ile ni nani, baba hakuwahi kujiuliza.

Jioni hiyo mdogo wake binti, mwenye miaka minne, alikuwa akitazama Akili and Me, katuni ya Ubongo ya Dar es Salaam. Akili aliuliza swali, akangoja. Mtoto akapiga kelele, "Tatu!"

"Umeona, baba?" binti akasema. "Huko kungoja ndiyo kazi yenyewe. Anayerekodi hana mtoto mbele yake, lakini lazima amuone, ampe nafasi, asimcheke akikosea."

Baba aliuliza kuhusu malipo. Binti hakuficha: wengi hawana mshahara wa kila mwezi, na wanaoigiza mara nyingi hushika na kazi nyingine. Ukweli huo ulimlainisha baba kuliko ahadi yoyote. Wakakubaliana amalize kwanza Kidato cha Nne, huku akishiriki maigizo ya skuli. Na tamasha la filamu la ZIFF likifika, wataenda wote Ngome Kongwe.

Usiku uliofuata baba alimwaga karafuu kavu mkekani, akamwita mdogo.

"Mbili na tatu?"

Zamani angejibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Safari hii alinyamaza. Mtoto alizigusa karafuu moja moja, akakosea, akaanza tena. Baba akangoja.